Unene si akiba ya kuponya mshono

“Huyu ana akiba ya kutosha, hata asipokula siku tatu hapungukiwi kitu.” Maneno haya husemwa wodini kila mgonjwa mnene anapotoka chumba cha upasuaji, na wanaoyasema si ndugu peke yao.

Akiba aliyo nayo ni ya mafuta. Kidonda kinataka protini, na ghala kubwa la protini mwilini ni misuli. Baada ya kisu, insulini hufanya kazi kwa shida na mwili huanza kumega misuli, hata ile ya kupumulia. Kwa mtu mwembamba utaona mapaja yakinywea. Kwa mnene mafuta yameficha kila kitu. Ndiyo maana mtu wa kilo 100 anaweza kuwa na utapiamlo na mzani usiseme lolote.

Mchukue mama wa sentimita 160 mwenye kilo hizo, aliyelazwa chumba cha mahututi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 unapendekeza apewe kalori 11 hadi 14 kwa kila kilo aliyo nayo, yaani kati ya 1,100 na 1,400 kwa siku. Ni chache. Lakini protini ni gramu 2 kwa kila kilo ya uzito unaofaa kwa urefu wake, ambao ni kilo 52 hivi: zaidi ya gramu 100! Wa wodi ya kawaida hahitaji nyingi kiasi hicho, ila mwelekeo ni uleule.

Sasa fungua chupa iliyoletwa saa ya kuona wagonjwa. Uji wa sembe, sukari imekolea. Hotpoti ina mtori, na nyama ni vipande viwili vilivyozama chini. Wanga huo hupandisha sukari ya damu, na sukari ikipanda vijidudu hushambulia mshono kwa urahisi. Uji upikwe kwa maziwa, mtori usagiwe nyama ya kutosha, yaletwe na mayai. Moja lina gramu 6 hivi za protini.

Desturi ya kumnyima chakula mpaka atoe upepo imepitwa na wakati. Wengi huweza kuanza kula ndani ya saa 24, daktari akiruhusu. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe kiasi chake cha protini. Aliyekaa siku nyingi bila kula aanze kidogo kidogo, akipewa vitamini B1 na kupimwa madini ya damu, kwa kuwa shibe ya ghafla inaweza kuvuruga moyo.