Kiti Kilichotangulia Nyumba

Mwaka 2009, jijini Paris, kiti kimoja cha mbunifu Eileen Gray kiliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro milioni 21. Bei kama hiyo huwafanya wengi waone samani za kisanii kuwa anasa ya matajiri, vitu vya kufungiwa na kutazamwa. Lawama hiyo ina msingi, ila inapima bei na kuiacha kazi. Samani iliyobuniwa kwa jicho la usanifu majengo humpa fundi nafasi ya kujaribu kwa mbao chache wazo ambalo hakuna mtu angethubutu kulijengea nyumba nzima kabla ya kuliona.

Ushahidi ulio wazi uko Utrecht, Uholanzi. Gerrit Rietveld, aliyezaliwa mwaka 1888, alikuwa mtoto wa seremala na ufundi aliuanzia katika karakana ya baba yake. Mnamo 1918 hivi alitengeneza kiti cha ajabu: miti myembamba inapishana, kila mmoja ukifika penye kiungo haukomi, unapita na kuendelea mbele. Juu yake zimelazwa mbao mbili tu, ubao wa kukalia na wa kuegemea. Rangi zilikuja miaka michache baadaye: mgongo mwekundu, kikalio cha buluu, fremu nyeusi, ncha za miti zikawa njano, hata jicho likaona kila kipande kimesimama peke yake. Kisha mwaka 1924 Truus Schröder-Schräder, mjane mwenye watoto watatu, akamkabidhi kazi ya nyumba yake. Itazame kwa nje: kuta, roshani na nguzo za chuma vinapishana vilevile, kila kimoja kikipita mpaka wa mwenzake. Ghorofani, kuta za kusukuma huligawa eneo moja kuwa vyumba, na dirisha la pembeni likifunguliwa kona yote hubaki wazi, haina nguzo. Tangu mwaka 2000 nyumba hiyo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wazo lake lilikuwa limekwisha kusimama kwenye kiti.

Watasema kiti hicho hakina raha. Ni kweli, ubao mtupu hauna raha ya mto. Lakini raha haijawahi kuwa kipimo pekee. Kiti cha enzi cha Lamu, chenye mgongo mrefu ulionyooka, kamba zilizosukwa na nakshi za pembe, kilitengewa mgeni wa heshima, na thamani yake ilikuwa katika hadhi kilichompa aliyekikalia. Hoja ya utajiri nayo ni nzito zaidi, ila Rietveld mwenyewe aliijibu kwa vitendo: katika miaka ya 1930 alibuni samani za mbao za makasha ya mizigo, ambazo mnunuzi angeweza kujiungia nyumbani. Bei za mamilioni ni kazi ya soko. Nakiri pia kwamba vingi vinavyouzwa leo kwa jina la sanaa ni vituko tu. Ukiuondoa mshangao wake, hakuna wazo lolote linalobaki kuhusu namna mbao inavyobeba uzito.

Kwa hiyo vyuo vyetu vya usanifu majengo viwape wanafunzi kazi ya kutengeneza kiti kwa mikono yao kabla ya kuwaachia kuchora jengo. Na wewe unayenunua samani ya kipekee kutoka kwa fundi, mwombe aandike jina lake na mwaka chini ya kikalio, ijulikane wazo lilianzia kwa nani na lini.