Kuta za Thimlich zataka mikono, si sifa pekee

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi walimu hupenda kuitumia methali hiyo darasani tunapowaonya wanafunzi juu ya uzembe, na mwanafunzi huinakili daftarini bila ya kuufikiria ukuta wenyewe. Huko Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, methali hiyo ingali na maana yake ya asili. Pana kuta za mawe ambazo yamkini zilianza kujengwa katika karne ya 16, na zimedumu kwa kuwa kwa miaka mingi hapakukosekana mtu wa kuziba ufa.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajabahatika kufika huko, ohinga ni neno la Kijaluo lenye maana ya boma lililozungushiwa ukuta wa mawe, na wingi wake ni ohingni. Thim ni msitu au pori, na lich ni jambo la kutisha. Kwa hiyo jina lenyewe lasimulia hali ya mahali hapo zamani. Ohingni zilijengwa kwa mamia katika eneo hilo la kusini mwa Nyanza, lakini Thimlich ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo iliyohifadhika vyema zaidi. Humo watu walilala na mifugo yao, wakajikinga na maadui na wanyama wakali, na kila ukoo ukajua mipaka yake.

Ajabu iliyoko Thimlich ni namna ukuta ulivyojengwa. Hapana udongo wa kugandisha mawe, hapana chokaa, wala saruji. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yaliokotwa vilimani yakiwa na maumbo yake, hili bapa, lile la duara, jingine lenye pembe kama jino la kiboko. Mafundi walipanga safu ya nje na safu ya ndani kwa uangalifu mkubwa, kisha nafasi ya katikati wakaijaza mawe madogo madogo yaliyozifunga safu hizo mbili zikawa kitu kimoja. Palipohitaji nguvu zaidi waliongeza egemeo la mawe. Milango waliifanya mifupi na myembamba, yenye mawe marefu juu yake, hata ikawa mgeni hana budi kuinama aingiapo, na mwenye kuinama hawezi kurusha mkuki. Kimo cha ukuta chapita mita 4 mahali pengine, na unene wake ni mita 1 na zaidi.

Ukuta wa namna hii una faida ambayo ukuta wa saruji hauna. Maji ya mvua hupenya na kutoka. Ardhi ikititia kidogo, mawe hujiweka sawa badala ya kupasuka. Lakini una sharti lake pia. Mzizi wa mti ukipenya, jiwe husukumwa nje. Mbuzi akipanda, jiwe la juu huanguka. Likianguka la juu, yale madogo ya katikati huanza kumwagika, na baada ya misimu kadhaa ya mvua kipande kizima hulala chini. Kwa hivyo mkazi wa ohinga hakungoja ukuta uanguke. Aliliona jiwe lililolegea alipokuwa akitoa ng'ombe asubuhi, akalirudisha. Waama, sidhani kwamba hata aliiona kuwa kazi; ilikuwa sehemu ya kuishi pale, kama vile kufagia ua.

Ndiyo maana kuta hizo zilipokea watu wa vizazi na jamii mbalimbali. Watafiti wanakubaliana kwamba wajenzi wa mwanzo hawakuwa lazima Wajaluo, na kwamba waliokuja baadaye, Wabantu kwa Waniloti, walihamia humo, wakakarabati, wakaongeza, kisha wakawaachia wengine. Hili ni somo zuri kwa mwalimu wa historia ambaye amechoka kuwafundisha watoto kwamba kila kabila lilikaa katika kisanduku chake. Jiwe lililowekwa na mmoja lilirekebishwa na mjukuu wa mwingine.

Mila hiyo ilifikia mwisho katikati ya karne ya 20. Amani ya namna yake ilikuwa imepatikana, watu wakatoka ndani ya mawe wakajenga maboma yenye nyua za miti, ingawa mpangilio wa nyumba na zizi la ng'ombe ulibaki ukifanana na ule wa zamani. Mara tu walipotoka, Thimlich ikaanza kuwa gofu. Mwaka 1965 mwanaakiolojia Neville Chittick aliandika maelezo mafupi kuhusu maboma hayo ya mawe, na serikali ikaja kuyalinda kwa sheria mapema katika miaka ya 1980. Hata hivyo, sheria haing'oi mizizi. Mwaka 2000 Thimlich iliingizwa katika orodha ya Mfuko wa Minara ya Kale Duniani ya mahali palipokuwa katika hatari ya kuangamia. Kazi ya kufyeka vichaka na kupanga upya sehemu zilizoanguka iliendelea chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, hata mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Bahrain, UNESCO ikaitia Thimlich katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini mimi nina wasiwasi na namna tunavyolielewa neno kurejesha. Wengi wetu tukisikia gofu limerejeshwa hufikiri kwamba kazi imekwisha, utepe umekatwa, na kilichobaki ni kungoja watalii. Kwa jengo la chokaa na boriti huenda dhana hiyo ikafaa kwa muda. Kwa ukuta wa mawe matupu haifai hata kidogo. Ukuta wa Thimlich ukirejeshwa leo, kesho mbuzi atapanda.

Nimewahi kumsikia mtu mwenye elimu yake akishauri kwamba zitiwe saruji kidogo ndani, mahali pasipoonekana, ili tupumzike na gharama za kila mwaka. Ushauri huo ni wa hatari. Saruji ingezuia maji, ingeufunga ukuta usiweze kujiweka sawa, na isitoshe ingeigeuza kazi ya mikono ya wahenga kuwa sanamu ya kazi hiyo. Haraka ya kusafisha nayo ina madhara yake. Huko Zimbabwe Kuu, Richard Hall aliyewekwa kuwa msimamizi mwaka 1902 alikwangua tabaka za udongo zenye ushahidi wa maisha ya Waafrika, akiziona kuwa takataka zilizoifunika kazi ya wageni wa kale. Aliondolewa mwaka 1904, lakini alichokitupa hakikuweza kurudishwa, na wanaakiolojia wanakisikitikia hadi leo. Yeye pia alijiona anarejesha.

Sasa niseme la walimu wenzangu. Nimekwenda Thimlich na wanafunzi, na nimeona ziara zetu zinavyokwenda. Basi hufika limechelewa, watoto wameloa vumbi, mwalimu ana saa moja. Wanazungushwa, wanaambiwa tarehe, wanapiga picha mlangoni wakiwa wameinama, wanarudi. Katika mojawapo ya safari hizo alikuwapo mzee mmoja wa maeneo hayo ambaye hakuwa na sare wala kitambulisho. Msichana wa kundi letu alimuuliza, "Kwara, jiwe mnalichaguaje?" Mzee alicheka, akaokota jiwe chini, akaligeuza mara tatu kiganjani. Akamwambia kwamba jiwe lina uso na lina mgongo, uso hutazama nje. Kwamba jiwe halilazimishwi mahali pasipo pake, huwekwa kando likangojewa nafasi yake. Na kwamba fundi akilishika jiwe asilirudishe chini mara nyingi, la sivyo jua litamchwea. Kisha akanigeukia: "Japuonj, hawa wako wana swali. Wetu wa hapa hawaniulizi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Wapo wazee wanaojua kuchagua jiwe, nao hawazidi kuwa wengi. Kuta zimeandikwa Bahrain, lakini maarifa ya kuzisimamisha hayakuandikwa vidoleni mwa mtu mwenye umri wa miaka ishirini. Yakipotea, tutabaki na picha nzuri na vyeti, na kila mara kipande kinapoanguka tutaagiza wataalamu kutoka mbali.

Jawabu, kwa maoni yangu, limo katika ujira. Tumezoea kuwaambia wananchi wanaoishi karibu na mahali pa kale kwamba urithi ni wao, kisha tunawataka wafanye kazi ya kujitolea huku pesa za kiingilio zikienda mbali nao. Kijana wa Nyatike ana njaa kama kijana wa Nairobi. Akifunzwa upangaji wa mawe na mzee, akalipwa kila mwezi kwa kukagua na kurekebisha, atajifunza. Asipolipwa atakwenda kuchimba dhahabu huko Macalder, na hapana wa kumlaumu. Sharti jirani apate riziki: huko Gede, mji wa kale ulioingia katika Orodha hiyo mwaka 2024, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993, na wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wakapata pesa kwa kufuga vipepeo wanaouzwa ng'ambo wakiwa bado katika vifuko vyao. Mkulima aliyeona msitu kama kikwazo cha shamba akapata sababu ya kutaka usimame. Thimlich haihitaji vipepeo. Yenyewe ina kazi ya mkono, tena kazi isiyokwisha.

Kuna watakaouliza pesa zitoke wapi, na ni swali la haki. Katiba ya mwaka 2010 imeiachia serikali ya kitaifa minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti ikapewa shughuli za utamaduni na barabara zake. Mgawanyo huo umekuwa kisingizio kizuri: huyu humwonyesha kidole yule. Lakini ujira wa vijana wanane au kumi wa kupanga mawe si mzigo wa kuishinda kaunti ambayo kila mwaka hutenga fungu la sherehe. Barabara nayo ikitengenezwa, wageni watakaa wakala, watanunua vyungu na samaki, na kiingilio kitaongezeka.

Nasi wa shule tusikae tukingoja. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 unatutaka tuwafundishe watoto kwa kutenda. Shule zilizo karibu na vilima vya Migori na Homa Bay zinaweza kujenga ukuta wa mazoezi uani mwao, hatua kumi kwa urefu na kimo cha magoti, bila saruji, chini ya uongozi wa mzee anayelipwa posho yake kama mwalimu mwingine yeyote. Mwanafunzi atajua uzito na pembe kuliko atakavyozijua ubaoni. Mawe ya kazi hiyo yaokotwe shambani. Yasichukuliwe kamwe katika ohingni nyingine zilizotapakaa vichakani, maana hizo hazina mlinzi, na ziko zilizokwisha kuliwa jiwe moja moja na watu wanaojenga misingi ya nyumba.

Na shule inayozuru Thimlich yenyewe ichague kipande kimoja cha ukuta, ikipige picha mtu akiwa amesimama mahali pale pale, kabla ya mvua za masika na baada yake, kila mwaka. Picha hizo zipelekwe kwa wasimamizi wa mahali hapo na nakala ibaki maktabani. Darasa la mwaka huu litakuwa limeondoka shuleni, lakini darasa litakalofuata litaweza kuonyesha kwa kidole ni jiwe gani lililokuwapo Machi na halikuwapo Juni.