Shaba Inatibu, Amonia Inaua

Kangaja wa buluu, ambaye kitaalamu huitwa Acanthurus leucosternon, huvuliwa kwa nyavu za mkono na wazamiaji wa Shimoni, Kilifi na kwingineko pwani ya Kenya, kisha husafirishwa akiwa hai hadi kwa wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani. Ni samaki mzuri ajabu, lakini ni mwepesi mno kupata madoa meupe ya maji chumvi, ugonjwa unaoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Ndiyo maana mfugaji makini humtia karantini kwanza na kumtibu kwa shaba. Siku chache baadaye madoa hupungua na moyo wa mfugaji hutulia. Kumbe samaki anahema kwa kasi karibu na uso wa maji na chakula hakigusi. Mfugaji anadhani kimelea kimerudi, anaongeza shaba, na asubuhi samaki amekufa. Nimeyaona haya mara nyingi, na karibu kila mara kipimo cha amonia kilikuwa bado kimefungwa kwenye boksi lake.

Tangi la karantini huachwa tupu kwa makusudi. Hatuweki mchanga wala mawe ya matumbawe, kwa sababu chokaa iliyomo huinyonya shaba na kiwango chake huwa kinapanda na kushuka bila mpango. Tunaweka vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, hita, pampu ya hewa na chujio la sponji, basi. Lakini mchanga na mawe hayo ndiyo makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati. Ukiyaondoa, umewaondoa na wao. Shaba nayo huwapunguzia kasi bakteria waliokwisha kujenga makazi, na wale wanaoanza upya huwachelewesha kushika. Wakati huohuo samaki anaendelea kutoa amonia kupitia mashavu yake mchana na usiku, na mashavu hayohayo tayari yamechubuliwa na kimelea na kukerwa na shaba.

Vipimo vingi vya matone hupima amonia yote kwa jumla. Iliyo hatari zaidi ni amonia huru, na kiasi chake hutegemea pH. Katika maji ya bahari ya nyuzi 25 hivi, kwa pH 8.2, amonia huru ni kama asilimia 7 ya jumla. Kwa pH 7.8 ni kama asilimia 3. Mashavu huanza kuumia amonia huru ikifika miligramu 0.05 kwa lita. Kwa hiyo kipimo kikisoma 1 kwenye maji ya pH 8.2, mpaka huo umekwisha kuvukwa. Mimi huanza kuhangaika kikisoma 0.5, wala singoji rangi ya kijani ya kipimo ikolee.

Hapo pana mtego ambao wenye uzoefu pia hunaswa nao. Katika tangi dogo lenye hewa hafifu, pumzi ya samaki huishusha pH taratibu, na amonia inayorundikana hubaki kwa sehemu kubwa katika hali isiyo na madhara makubwa. Kisha mfugaji anabadilisha nusu ya maji kwa maji mapya ya pH 8.2. Jumla ya amonia inapungua kwa nusu, lakini sehemu iliyo huru inaweza kuongezeka mara mbili, na samaki asipate nafuu yoyote. Pima pH kabla ya kubadilisha maji, na kama imeshuka sana, badilisha maji mengi zaidi au rudia baada ya saa chache. Usijaribu kuishusha pH kwa asidi ili kuituliza amonia. Maji yaliyopungukiwa na alkali huifanya shaba imdhuru samaki zaidi.

Chakula ndicho chanzo, na hesabu yake ni rahisi. Gramu 1 ya chakula kikavu chenye protini asilimia 40 huzalisha takriban miligramu 37 za amonia. Katika tangi la lita 100 hiyo ni karibu 0.37 kwa kila lita, kwa gramu moja tu! Gramu 2 kwa siku zinatosha kulitia tangi lisilo na bakteria katika hatari kabla ya jua kuchwa. Samaki mwenye mwili anaweza kukaa siku moja au mbili bila kula. Kangaja aliyetoka safari ndefu akiwa na tumbo lililobonyea hawezi, kwa hiyo mpe kidogo kidogo, mwani hasa, na utoe mabaki kwa mpira wa kunyonyea maji kabla hayajaoza.

Madukani kuna dawa za maji zinazofunga amonia papo hapo. Katika tangi la kawaida zinafaa. Katika tangi lenye shaba usitie hata tone. Nyingi zina kemikali za salfa zinazoipa shaba elektroni, na shaba ikishazipokea hugeuka kuwa ya aina inayomsumbua samaki zaidi. Dawa nyingi za kuondoa klorini ni za ukoo huohuo, hivyo maji ya bomba yatayarishwe mapema kwa njia nyingine. Kaboni nayo huinyonya shaba, na zeolaiti, inayosaidia sana kwenye maji baridi, haina nguvu ya maana kwenye maji chumvi.

Linalobaki ni kubadilisha maji, na maji hayo lazima yawe na shaba ileile. Shaba huua kimelea kinapoogelea tu, kikitafuta samaki wa kumshika. Kilichomo ndani ya ngozi, na kilichojifungia kwenye ganda chini ya tangi, haikigusi. Kwa sababu hiyo tiba huchukua wiki 3 hadi 6, na kiwango kikishuka kati yake, mlango unafunguka.

Tuseme unatumia salfeti ya shaba, lengo lako ni miligramu 0.18 kwa lita, na unataka kubadilisha lita 40. Unahitaji miligramu 7.2 za shaba, kiasi ambacho mizani ya nyumbani haiwezi kukipima. Yeyusha gramu 3.93 za fuwele za buluu za salfeti ya shaba katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Kila mililita itakuwa na miligramu 1 ya shaba. Vuta mililita 7.2 kwa bomba la sindano, tia kwenye ndoo ya maji mapya yenye joto na chumvi sawa na ya tangi, washa pampu ya hewa, subiri, kisha pima ndoo na tangi pia. Shaba ya dukani iliyofungwa kwa kemikali nyingine hufanya kazi kwenye kiwango kikubwa zaidi, mara nyingi kati ya miligramu 1.5 na 2.5 kwa lita, kwa hiyo fuata maelezo ya chupa yake na usichanganye aina mbili.

Anayejua kwamba samaki wanakuja huweka sponji kwenye tangi lililokwisha kukomaa wiki 4 hadi 6 kabla, ili bakteria washike humo bila shaba. Sponji hiyo ikishaonja shaba isirudi kamwe kwenye tangi lenye matumbawe au kamba.

Na ikiwa ni usiku, amonia imefika 1, samaki anahema na huna maji yenye shaba, badilisha kwa maji matupu ya chumvi mara moja. Shaba ipandishe tena polepole kwa siku mbili, na hesabu ya wiki za tiba ianze upya siku kiwango kitakapofika.