Kalunguta: Maneno ambayo mwanafunzi wa urembo anapaswa kujua kabla ya kugusa uso wa mteja

Kwa vijana wa Kalunguta, katika eneo la Beni, Kivu ya Kaskazini, urembo ni kazi ya kutafutia maisha, hasa kwa familia ambazo ukosefu wa usalama umezifungia njia ya mashamba. Anayejifunza huanza na nywele na kucha, kisha anafika kwenye ngozi. Hapo neno moja lisiloeleweka linaweza kumuunguza mteja, maana chupa nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza.

Neno la kwanza ni ngozi yenyewe. Ina tabaka 3: epidermi, ile ya juu, dermi, yenye mishipa ya damu, na hipodermi, yenye mafuta. Kazi ya mtunza ngozi inaishia kwenye epidermi. Damu ikitoka, amevuka mpaka wake.

La pili ni melanini, rangi yetu ya asili. Inapunguza madhara ya jua. Butembo na vijiji vya jirani viko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na kadiri unavyopanda mlima, miale ya jua inazidi kuwa kali. Anayeondoa melanini anamvua mteja kinga yake.

Kuna pia majina 3 ya kutafuta kwenye chupa. Hidrokinoni inazuia melanini kutengenezwa, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yenye rangi ya buluu, yasiyotoka kirahisi. Zebaki, inayoandikwa wakati mwingine Hg, inaharibu figo. Kortikoidi, kama klobetasoli na betametasoni, ni dawa za muganga: zikipakwa ovyo, ngozi inakuwa nyembamba na vidonda vinachelewa kupona. Nchi jirani ya Rwanda ilianza msako dhidi ya bidhaa za kujichubua mwishoni mwa 2018. Chupa isiyoonyesha vilivyomo ndani yake isifunguliwe.

Gomaji ni kusugua polepole ili kuondoa seli zilizokufa, wala si kuchubua. Jaribio la ngozi ni kupaka kidogo ndani ya kiwiko na kungoja saa 24 hadi 48. Ngozi ikiwasha au kuvimba, bidhaa hiyo haimfai mteja huyo.

Mwisho, maneno 3 yanayochanganywa mara nyingi. Kusafisha ni kuondoa uchafu kwa maji na sabuni. Kutakasa ni kuua vijidudu vingi kwa dawa, kama klori. Kusterilizi ni kuua vijidudu vyote, kwa mvuke wa moto mkali katika otoklavu. Wakaaji wa hapa walizoea ndoo za klori wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, lakini wembe mmoja kwa wateja wawili bado ni hatari, hata ukifutwa vizuri.

Mteja haulizi maneno haya. Anakaa kwenye kiti na kufumba macho. Anayepaswa kuyajua ni yule aliyeshika krimu.