Paa la Banda la Uani

Katika nyumba za mawe za mwambao wetu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, yapata mita 3. Paa lenye miteremko miwili kila upande, tulionalo juu ya mabanda ya Maryland na Virginia, huunga mbao fupi zikavuka upana mkubwa.

Kwa banda la futi 10, chora sakafuni nusu duara yenye upana huo, uigawe mafungu 4 sawa. Kila ubao utakuwa na takriban inchi 46 upande wake mrefu. Ncha zote zikatwe kwa nyuzi 22.5. Viungo vifunikwe kwa plaiwudi pande zote mbili, kwani udhaifu umo humo. Februari 2010, theluji ya inchi 32 ilianguka Dulles. Kiungo kilicholegea hakihimili mzigo huo. Basi, kabla ya kushika msumeno, iulize kaunti yako habari za kibali.