Mgonjwa wa dialisisi hauawi na figo pekee, chunga moyo

NENDA soko la Chwele uone mikungu ya ndizi, maparachichi, maharagwe na mrenda. Kwangu na kwako hicho ni chakula tu. Kwa jirani anayesafishwa damu Bungoma mjini au Kitale, baadhi ya vitu hivyo vinaweza kusimamisha moyo.

Sipigi chuku. Figo zikifeli, madini ya potasiamu hayana pa kutokea. Hurundikana kwenye damu hadi siku ya mashine, na yakizidi sana mapigo ya moyo huvurugika, wakati mwingine bila dalili. Ndizi, parachichi, maharagwe na viazi vina potasiamu tele. Halafu kuna munyu wetu wa kienyeji, yale maji ya jivu tunayolainishia mrenda. Jivu la mimea limejaa potasiamu! Mgonjwa akiulizwa alikula nini, atasema "mboga tu".

Wengi hudhani anayefanyiwa dialisisi akifariki, ni figo zimemmaliza. Ukweli ni kwamba kinachoongoza kwa kuwaua ni maradhi ya moyo na mishipa. Mwaka wa 1998, watafiti Foley, Parfrey na Sarnak walionyesha, kwa takwimu za Marekani, kwamba kijana wa miaka 25 hadi 34 aliye kwenye dialisisi ana hatari ya kufa kwa maradhi hayo kama mzee aliyepita miaka 80. Hilo ni rika letu, wasee.

Tatizo lingine ni damu yenyewe. Figo hutoa homoni ya erithropoietini, inayoambia uboho utengeneze chembe nyekundu. Mashine huchuja sumu na maji, lakini homoni hiyo haitoi. Damu ikipungua, moyo hufanya kazi ya ziada usiku na mchana, misuli yake hunenepa, mwishowe huchoka.

Dawa ipo: sindano za homoni hiyo, pamoja na madini ya chuma. Lakini pia damu nyingi mno ni hatari. Kwa kawaida madaktari hulenga hemoglobini ya 10 hadi 11.5. Utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha wagonjwa wa figo waliolengwa kufikia 13.5 walipata vifo na matatizo ya moyo zaidi ya wale wa 11.3. Nako kuongezewa damu mara kwa mara kunaweza kufanya iwe vigumu kupata figo ya kupandikizwa inayokubaliana na mwili.

Kisha kuna maji. Kila kikombe cha chai hubaki mwilini hadi kipindi kijacho, moyo ukisukuma mzigo huo wote. Utafiti wa Marekani wa 2011 ulibaini vifo huongezeka baada ya pengo la siku mbili bila mashine. SHA hulipia kipindi Sh10,650, lakini nauli ya matatu ni juu yako. Anayekosa nauli hurefusha pengo hilo.

Kwa hivyo ukiwa na ndugu kwenye dialisisi, usimpelekee mkungu wa ndizi. Mchangie nauli. Muulize hemoglobini yake ni ngapi mwezi huu. Viazi na mboga zake zichemshwe, maji yamwagwe, munyu uachwe.

Na wewe mwenyewe, pima presha na sukari. Hayo mawili huharibu figo za wengi kimyakimya, na kupima hakuhitaji safari ya Eldoret.