Nakala Inayochezeka na Nakala Iliyohakikiwa

Michezo ya PlayStation, mashine ya Sony iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1994, ilitolewa katika sidii. Diski hizo huchakaa, na mashine zenyewe zinazidi kuadimika. Ndiyo sababu watu hunakili diski nzima iwe faili, kisha huucheza mchezo kwa programu inayoiga mashine ya asili. Faili hiyo twaiita taswira ya diski. Programu hiyo twaiita kiigizi.

Je, ni lini taswira yastahili kuitwa sahihi? Wengi hujibu kwamba ni pale mchezo unapofunguka. Jibu hilo halitoshi. Sekta moja ya sidii ina baiti 2352, lakini njia nyepesi ya kunakili huchukua 2048 tu. Katika PlayStation, sekta za sinema na sauti huweza kubeba baiti 2324 za maudhui. Hivyo baadhi yake hukatwa. Mchezo waweza kufunguka vizuri, na hasara isijulikane mpaka sinema ifikiwe.

Kwa hiyo uhakiki hufanywa kwa hesabu. Baiti zote za faili hupitishwa katika kanuni, kwa mfano SHA-1 ya mwaka 1995, ikapatikana alama ya herufi na tarakimu 40. Ikibadilika baiti moja tu, alama hutoka nyingine kabisa. Ni kama alama ya kidole: haimwelezi mtu, bali humtambulisha. Twapendekeza iitwe alama-hakiki.

Hata hivyo, alama peke yake si ushahidi, kwani nakala mbovu nayo ina alama yake. Shurti pawepo ulinganisho. Mradi wa Redump hutunza kumbukumbu za alama hizo, si michezo yenyewe. Watu wawili wakinakili diski mbili za toleo moja, kila mmoja kwa chombo chake, na alama zikalingana, ndipo nakala huaminiwa.

Basi tusiziite zote mbili “nakala nzuri”. Ile inayofunguka tu iitwe nakala inayochezeka. Ile iliyolinganishwa iitwe nakala iliyohakikiwa, kama tusemavyo juu ya vyeti. Siku diski ya mwisho itakapoharibika, hapatakuwa na asili ya kurejea, na kosa lililopewa jina zuri litarithiwa kama ukweli. Twakaribisha maoni ya wasomaji.